Visahani vya Poka na Siri ya Joto

Wachezaji wa poka, mchezo wa karata uliokulia Marekani, hutumia visahani vidogo badala ya fedha. Viwili huweza kufanana kwa rangi na umbo, lakini joto huvitenga mara moja. Kile cha polistirini hulainika karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, kwa kuwa molekuli zake ni minyororo mirefu isiyofungamana. Kikipoa hukakamaa tena. Cha bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, hakiyeyuki kamwe: minyororo yake imefungwa pande zote, na joto likizidi mno hugeuka makaa.

Hatari imo katika selulodi, iliyo ya kale zaidi. Hiyo ni selulosi iliyobadilishwa kwa asidi ya nitriki, kisha ikachanganywa na kafuri. Oksijeni ya kuiunguza imo ndani yake yenyewe, hata kuifunika moto si rahisi kuuzima. Kwa hiyo ile desturi ya kukichoma kitu cha kale kwa sindano ya moto ili kukitambua haifai hata kidogo darasani. Kukichovya kwa muda mfupi katika maji ya moto kwatosha: selulodi hunukia kafuri, bakelaiti hutoa harufu kali ya fenoli, kama ya dawa ya kuulia vijidudu.