Kirusi kilichonyamaza Mulago

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje wodini katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mwaka uliofuata Burkitt alichapisha taarifa ya uvimbe huo, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake dunia nzima. Kisa hicho mjini humo kinajulikana. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwa nini mtafiti wa virusi wa London, Anthony Epstein, alihangaika miaka miwili na zaidi bila kuona kitu.

Epstein alimsikia Burkitt akizungumza London Machi 1961, akatoka ukumbini akiamini kwamba saratani hii ina kirusi ndani yake. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe, naye akawa anavitazama kwa darubini ya elektroni kimoja baada ya kingine. Hola. Desemba 1963 ukungu ulisababisha ndege ielekezwe Manchester, mzigo ukachelewa, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamevurugika kana kwamba yameoza. Kabla ya kuimwaga, Epstein alichungulia tone moja. Seli hai zilikuwa zimebanduka kwenye uvimbe na zinaelea. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964 kirusi kikaonekana. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa wa tatu katika timu hiyo.

Waandishi tunaupenda sana ule ukungu wa Manchester. Mimi swali linalonisumbua ni jingine: hata katika seli zilizokuzwa, kirusi kilionekana ndani ya chache tu. Nyingine zote zilikuwa na nini? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1970, Harald zur Hausen na wenzake walipokuta DNA ya kirusi ndani ya vipande vya uvimbe wa aina hiyohiyo ambayo ndani yake darubini ilikuwa imeshindwa kuona chochote. Kirusi kilikuwemo siku zote. Kilikuwa kimenyamaza.

Ndani ya seli ya uvimbe, DNA ya kirusi hujifunga duara na kukaa kando ya kromosomu. Ina jeni zaidi ya 80, lakini katika uvimbe wa Burkitt wa kawaida hutengeneza protini moja tu, EBNA1, ambayo hulishikiza duara lile kwenye kromosomu ili seli inapogawanyika lisipotee njiani. Jeni nyingine zimefungwa, zikiwemo zile ambazo askari wa kinga ya mwili wangetambua protini zake mara moja. Kinachozifunga hasa ni alama ndogo ya kikemia, methili, inayobandikwa juu ya DNA bila kubadilisha herufi hata moja.

Hapo ndipo penye fumbo. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kabisa. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kila mgawanyiko, nyuzi mbili za DNA huachana na kila mmoja hujengewa mwenzake mpya, msafi, usio na alama. Kwa hesabu hiyo alama zingepungua kwa nusu kila kizazi, na baada ya muda mfupi kirusi kingeamka. Mbona hakiamki?

Mwaka 1975 Arthur Riggs huko California, na Robin Holliday na John Pugh huko Uingereza, walipendekeza jibu lilelile, kila upande kivyake. Methili huwekwa hasa kwenye herufi C inayofuatwa na G. Kwa kuwa C huoana na G, uzi wa pili nao una C na G mahali palepale, ukisomwa kinyume. Kwa hiyo uzi wa zamani hubaki na anwani kamili. Protini UHRF1 hushika pale ambapo upande mmoja una alama na mwingine hauna, kisha kimeng'enya DNMT1 huja kujazia, kama karani anayehamisha tiki kutoka daftari kuukuu kwenda jipya bila kujua zinahusu nini. Histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa, nazo hubeba alama zake: zile za zamani hugawanywa kwa nyuzi zote mbili, na protini za kundi la Polycomb husoma alama ya histoni kongwe na kuiandika kwa jirani yake mgeni.

Ukimya huu, basi, ni kazi inayofanywa upya kila seli inapozaa. Kazi huweza kuzuiwa. Dawa ya azasitidini hujifanya herufi C, ikaingia kwenye uzi mpya na kumnasa DNMT1 hapohapo. Mwaka 1989 watafiti wa Stockholm waliitumia kwenye seli za Burkitt maabara, na jeni za kirusi zilizokuwa kimya zikaanza kusema. Wazo likawa kwamba kirusi kikishafichuka, kinga ya mwili itamaliza kazi.

Kirusi peke yake hakileti saratani. Watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi duniani wanacho, pengine nawe msomaji, kimelala ndani ya seli za damu. Uvimbe huhitaji pia jeni ya seli yenyewe, iitwayo MYC, ihame mahali pake, na malaria ya mara kwa mara huongeza hatari hiyo. Ndiyo maana ramani ya saratani hii hufuata joto na mvua, kama malaria yenyewe.

Pale Mulago, kituo kilichoanzishwa mwaka 1967 chini ya John Ziegler na baadaye kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda kilijengwa juu ya dawa isiyojali jeni ipi imenyamaza. Siklofosfamidi huharibu DNA yenyewe, na seli inayogawanyika kwa kasi hiyo haipati muda wa kujikarabati. Taya iliyovimba inaweza kunywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wa enzi za Burkitt walipona kwa dozi moja au mbili. Kukiamsha kirusi bado ni habari ya maabara na majaribio. Wodini kinachoulizwa kwanza ni uvimbe ulianza lini, kwa sababu kasi ileile inayoifanya dawa ifanye kazi haimsubiri mzazi atafute nauli kutoka miji ya mbali kama Lira au Arua.