Mji wa Kale na Mashamba Yake ya Ng'ambo

Mgeni akija Mji wa Kale wa Mombasa huonyeshwa milango ya nakshi, Ngome ya Yesu na bandari ya majahazi. Anayetaka kujua wenyeji wanaishi vipi na aamke alfajiri, apite Kibokoni au Kuze watu wakitoka msikitini. Atakuta karai ziko motoni.

Unga wa mahamri umekandwa tangu usiku kwa tui la nazi, hamira, sukari na iliki iliyotwangwa, ukaachwa uumuke. Kando yake pana sufuria ya mbaazi. Zimerowekwa jana, zikachemshwa hadi zikalainika, zikatiwa tui jepesi kwanza. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko hautulii, maana likikatika mbaazi zimeharibika. Watoto hutumwa na bakuli: "Shikamoo bibi, mama asema mahamri sita na mbaazi." Kodi na karo za nyumba nyingi hutoka hapo, na aghalabu mwenye karai ni mwanamke.

Nazi zote hizo zavuka maji kuja kisiwani, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Watu wa Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, walikuwa na nyumba mjini na mashamba ng'ambo, kama vile Changamwe, Jomvu na Kisauni. Wamijikenda nao waliteremka na nafaka, wakarudi na nguo. Tukiusifu mji huu kwa ustaarabu wake, tusifiche kwamba mashamba makubwa yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1907, na 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Ardhi nyingi ikapimwa, ikauzwa. Reli, iliyoanza kujengwa 1896, na baadaye bandari ya Kilindini, zikawavuta vijana kwenye kazi za mshahara.

Shamba likatoka mkononi, lakini mapishi hayakubadilika. Mbuzi ya kukunia nazi ingali na mahali pake jikoni, ingawa mashine za sokoni zimepunguza kazi yake. Chicha hutupiwa kuku, vifuu huwa kuni. Ramadhani ndiyo hasa inayoonyesha jinsi mji unavyotegemea wakulima: jioni vibaraza hujaa muhogo wa nazi, ndizi mbichi, viazi vitamu na madafu, na jirani hampelekei jirani sahani tupu. Mimi naona sahani hizo ni sehemu ya uchumi wa mtaa, kwa kuwa mwenye kupungukiwa hufuturu bila kuomba.

Kinachonitia wasiwasi ni minazi yenyewe. Mingi katika Kilifi na Kwale imezeeka, na karibu na mji, Mtwapa na Likoni, mashamba yanakatwa viwanja. Nazi ikipanda bei, anayeumia wa kwanza ni mama wa karai, maana mahamri akiyapandisha bei mteja huondoka, na akipunguza tui mteja hutambua kwa ulimi.

Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hivyo wewe uliyerithi kipande cha shamba ng'ambo, ukilazimika kukata mnazi mkongwe, panda miche mwaka huu huu.