Batobato la muhogo na kiraka cha herufi 459

Mwaka 1988 wakulima wa kaskazini mwa Luwero, Uganda, walianza kuona batobato wasilolizoea. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliueleza kutoka Usambara mwaka 1894, na wakulima wengi waliendelea kuvuna muhogo wa kutosha hata majani yakiwa na mabaka ya njano. Hili la Luwero lilikuja kwa ukali mwingine: majani yalijikunja na kusinyaa, mmea ukadumaa, na ukichimba unakuta mizizi myembamba isiyofaa hata kumenywa. Lilisogea kusini kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, likafika magharibi mwa Kenya, kisha Kagera. Kule Teso wengi waliacha kabisa kulima muhogo.

Vipimo vya kingamwili vilionyesha kwamba ni virusi vilevile vya zamani, ACMV. Kumbe sivyo. Mwaka 1997 watafiti waliosoma vinasaba vyake herufi kwa herufi waligundua kwamba sehemu kubwa ilikuwa ya virusi vingine, EACMV, jamii ya Afrika Mashariki. Ila katikati ya jeni inayotengeneza gamba la virusi, herufi 459 zilikuwa za ACMV. Kilikuwa kiraka kilichoshonwa kwenye nguo ya mwingine, na kwa kuwa kingamwili hutambua gamba, kilichotambuliwa ni kiraka tu.

Kiraka hicho hakikushonwa na mtu. Nzi weupe hufyonza utomvu wa mmea mmoja na kuhamia mwingine, kwa hiyo si ajabu muhogo mmoja kubeba virusi vya aina mbili, hata ndani ya seli moja. Wakati vinasaba vinanakiliwa, kimeng'enya kinachonakili kinaweza kuanza na nakala ya huyu kikamalizia na ya yule. Nakala nyingi za namna hiyo hazifai kitu. Mara chache hutokea moja inayowashinda wazazi wake wote wawili.

Hapo ndipo kuchanganyika kwa vinasaba kunapotofautiana na mabadiliko ya kawaida ya jeni. Mabadiliko hugeuza herufi mojamoja, na mengi huleta hasara. Kuchanganyika huhamisha kipande kizima ambacho tayari kinafanya kazi kwa mwenyewe. Hata hivyo, tusikibebeshe kiraka lawama zote: mmea wenye aina mpya pamoja na ACMV huugua zaidi kuliko wenye aina moja tu, na nzi weupe nao walikuwa wengi kupita kiasi.

Muhogo wenyewe una nyenzo hiyohiyo ya kuchanganya vinasaba, tena bora zaidi, ila sisi tunaunyima nafasi ya kuitumia. Una jozi 18 za kromosomu. Unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu ya upande wa baba na ya upande wa mama hulala sambamba, hukatika mahali pamoja na kubadilishana vipande. Kila punje inayopatikana baada ya hapo ni mmea ambao haujapata kuwapo. Lakini ni mkulima gani anayepanda punje? Tunapanda pingili, na pingili humrudia mzazi wake vilevile. Utamu unaoujua unabaki, pamoja na kila udhaifu wake.

Mwaka 1964 mtaalamu wa vinasaba Hermann Muller alieleza hasara ya mtindo huu. Katika ukoo usiochanganya vinasaba, kasoro ikishaingia haina pa kutokea, na nyingine huja juu yake. Jeni nzuri ikizaliwa kwenye mmea wenye kasoro itasafiri na kasoro hizo daima. Uteuzi wa asili unalazimika kuzichukua zote au kuziacha zote. Uchunguzi wa jenomu za muhogo uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mzigo huo: kasoro nyingi zimejificha kwa sababu nakala nzima iliyo pembeni yake inazifunika.

Watafiti wa kituo cha Amani, huko Usambara Mashariki, walijaribu kuufungua ukoo huo tangu miaka ya 1930. H. H. Storey na wenzake walichavusha muhogo na ndugu yake wa mpira, *Manihot glaziovii*, mti mgumu kwa batobato lakini hauna mizizi ya kula. Kisha wakaurudisha uzao kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, wakitumaini kwamba kila mchanganyiko utakata kipande cha mpira kizidi kuwa kifupi, hadi ubaki ukinzani peke yake.

Haikwenda hivyo kikamilifu. Kwenye kromosomu ya 1, kipande kirefu cha mpira bado kimo ndani ya aina nyingi zilizoboreshwa, kwa sababu hapo kukatika na kubadilishana hutokea kwa nadra. Utafiti wa mwaka 2019 ulihusisha vipande hivyo na idadi ya mizizi na unga wake, lakini mimea yenye nakala mbili za kipande hicho haichaguliwi sana. Kwa maoni yangu huu ni ushahidi mzuri kuliko wowote wa kitabuni: pale vinasaba visipochanganyika, zuri na baya hubaki ndoa isiyovunjika.

Kazi ya Amani haikupotea. Uzao wake ulipelekwa Nigeria, ukaingia katika uzalishaji wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA pale Ibadan, na ukarudi Uganda kama TMS 30572, ambayo wakulima waliijua kwa jina la Migyera au NASE 3. Ni mojawapo ya mbegu zilizorudisha muhogo mashambani baada ya janga.

Wewe mwenye shamba, ukiona mmea wenye batobato kali, ung'oe mapema na usichukue pingili kwake, wala usimpe jirani. Pingili hiyo hubeba virusi vyake vyote pamoja, na huvipa msimu mwingine mzima wa kukutana ndani ya mmea mmoja.