TAARIFA KWA WATUMIAJI WA KOMPYUTA ZA PAMOJA

Wananchi wa Ukerewe wanaovuka kwenda Mwanza kuombea ajira au mikopo ya masomo katika vituo vya intaneti wanakumbushwa kuwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, huweka kumbukumbu. Mtu aweza kuwa amekwisha kupanda meli ya kurudi Nansio, ilhali akaunti yake i wazi kwa aliyekalia kiti baada yake.

Wenye vituo wanashauriwa kutomwachia mteja kazi hiyo. Katika Firefox ya kompyuta, hufunguliwa mipangilio, kisha sehemu ya faragha na usalama. Penye historia huchaguliwa kutokumbuka kamwe, na programu huanzishwa upya. Tangu hapo hufunguka katika hali ya faragha kila mara, na madirisha yote yakifungwa, historia na vidakuzi hufutika. Yakiachwa wazi, hakuna faragha.

Ieleweke kwamba faili zilizopakuliwa, vikiwemo vyeti, huweza kubaki katika kompyuta hadi zifutwe. Vilevile mtoa huduma ya intaneti hafichwi tovuti zilizotembelewa.