Taa Mpya, Tangi la Kijani: Usikimbilie Dawa

Umenunua taa mpya ya tangi lako la samaki. Ile ya zamani ilikuwa hafifu, na mimea ikadhoofika. Sasa tangi linang'aa, watoto wanafurahi na wageni wanasifu. Lakini wiki tatu hazijaisha, unaona nyuzi za kijani zimeng'ang'ania majani, na kioo kimeshika utelezi. Je, umeuziwa taa mbovu? La hasha.

Huenda umeme unaoiwasha taa hiyo watoka Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Karibu na mitambo hiyo kuna Ziwa Naivasha, na ziwa hilo lina funzo kwako. Mbolea ya mashambani na maji machafu ya mji yanapoingia ziwani, mwani hupata chakula, na jua la Bonde la Ufa hufanya kazi iliyobaki. Sebuleni mwako, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki ndiyo mbolea, nayo taa ndiyo jua.

Mwani wenyewe si adui. Katika Ziwa Nakuru ndio uliowapa heroe lishe kwa miaka mingi. Ubaya ni kuzidi. Mmea huhitaji mwanga, kaboni dioksaidi na virutubishi kwa mizani. Ukiongeza mwanga peke yake, mmea hukwama kwa kukosa vile vingine, na mwani, wenye mahitaji madogo, hutwaa nafasi.

Basi fanya hivi. Kwanza, punguza muda wa taa uwe saa sita kwa siku, na uinue taa juu kidogo ikiwezekana. Liondoe tangi dirishani, kwani jua letu huwaka takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Pili, toa mwani kwa mkono, ukizungushia nyuzi kwenye mswaki mkuukuu, na usugue kioo. Tatu, badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, ukitumia maji yaliyoondolewa klorini. Nne, lisha samaki kile wanachomaliza kwa dakika mbili tu. Tano, ongeza mimea inayokua upesi, ile inyang'anyane chakula na mwani.

Mambo yakitulia, ongeza nusu saa ya mwanga kila wiki, ukichunguza majani. Haraka haraka haina baraka.

Jihadhari na dawa za kuua mwani. Zenye shaba huua konokono wako. Tena, mwani mwingi ukifa kwa mkupuo, huoza na kumaliza oksijeni. Mwezi Februari 2010 samaki wengi walikufa Ziwa Naivasha, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Ukiona samaki wako wanahemea juu ya maji alfajiri, usingoje: badilisha maji na uwashe pampu ya hewa.

Neno la mwisho. Mimea unayoing'oa usiitupe mtoni wala ziwani. Ianike juani ikauke, kisha uifanye mboji. Gugumaji lilionekana Naivasha mwaka 1988, na hadi leo wavuvi wanapambana nalo. Waeleze watoto kisa hicho mnaposafisha tangi pamoja Jumapili hii.