Kabla hujamtumia fundi wa siling pesa yote

Shangazi yangu anaishi Kitengela, kwenye nyumba waliyojenga na mzee wake wakati watu walikuwa bado wanawauliza mnaenda kufanya nini huko porini. Siling ya sebuleni ni ile ya zamani, yenye vipelevipele. Ilianza kutoa madoa ya rangi ya chai, halafu vipele vikaanza kudondoka kwenye kochi. Akaita fundi. Fundi aliangalia dakika tano hivi, akasema ni elfu kumi na nane, vifaa na kazi pamoja, na itumwe yote mara moja ndio anunue vitu mapema.

Shangazi akatuma. Fundi akaja, akakwangua, akajaza mashimo, akapaka rangi nyeupe. Ilipendeza kweli, mpaka mvua ya Novemba. Doa likarudi palepale, na fundi akawa mteja.

Kwa vile nafanya kazi kwenye kampuni ya pesa za simu, aliyefuata kupigiwa ni mimi. "Si mrudishe tu hiyo pesa?" Ilibidi nimwambie, Shangazi, haiwezekani. Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea namba. Wewe namba hukukosea. Ulimtumia uliyemkusudia, jina lake lilitokea kwenye skrini na ukaweka PIN. Kazi mbaya ni ugomvi wako na fundi, na kwenye ugomvi huo sisi hatuna mkono.

Ukweli ni kwamba siling haikuwa na shida. Fundi wa pili alipanda juu ya mabati na kukuta mipira ya misumari imekauka na kupasuka. Jua la Kitengela na upepo wa zile mbuga hulegeza misumari pole pole, maji yanaingia, na siling ndiyo inayoshtaki. Kama nyufa ziko pembeni, pale siling inapokutana na ukuta, shuku udongo. Udongo wetu mweusi huvimba ukinyeshewa na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ukuta husogea nao. Hapo rangi haikusaidii.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu, chora ukingo wa doa kwa penseli. Mvua ikinyesha na doa likavuka mstari, anza na paa. Na siling ikivimba kama tumbo, hamisha watu chini yake na uzime umeme wa chumba hicho.

Kuna jambo moja ambalo si la kujaribu mwenyewe. Nyumba za zamani zaidi, kama kota za wafanyakazi na majengo ya shule, huenda zina asbestosi kwenye paa au siling. Marekani walikuwa wanaichanganya hata kwenye siling za vipele, mpaka 1978 walipopiga marufuku. Hapa kwetu huonekana zaidi kama karatasi ngumu za kijivu. Vumbi lake husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Kanuni zinaihesabu kuwa taka hatari, na anayeiondoa lazima awe na leseni ya NEMA. Ukiwa na shaka, usikwangue, usifagie vumbi lake. Uliza kwanza ofisi ya NEMA ya Kajiado.

Sasa pesa. Vifaa vilipie mwenyewe moja kwa moja kwenye till ya hadiwea, hata kama fundi ndiye anayekwenda kuvichukua. Atanuna kidogo, mwache. Mapatano yaandike kwa meseji: kazi gani, bei gani, lini. Ya ufundi igawe, na kipande cha mwisho kisitoke kabla paa halijaonja mvua. Meseji za malipo usizifute. Mkikosana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na hizo meseji ndizo ushahidi wako.

Fundi wa pili alilipwa elfu nne siku ya kazi. Elfu mbili zilizobaki Shangazi alizishikilia mpaka mvua ya Machi. Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi akanitumia picha mbili: moja ya siling, nyeupe kabisa, na nyingine ya meseji ya malipo.