Usubi wa Mto Nile na Macho ya Askari



Askari aliyepangiwa kazi Nalufenya, mjini Jinja, leo aweza kushika zamu kando ya Mto Nile bila kumhofu usubi. Zamani haikuwa hivyo. Inzi huyo mdogo mweusi, ambaye wenyeji walimwita mbwa (na aliyeumwa naye hakuuliza sababu), alizaliana kwa wingi katika maji yaendayo kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 dawa ya DDT ilimwagwa mtoni ili kuua viluwiluwi wake. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi, hata katika miaka ya 1970 inzi hao wakatoweka Jinja.

Kuumwa si kitu. Hatari ni kile akichukuacho. Usubi hunyonya vijinyoo katika ngozi ya mgonjwa na kumpelekea mtu mwingine. Mnyoo mzima hukaa chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya kivimbe, na aweza kuishi zaidi ya miaka 10 huku jike akizaa vijinyoo kwa maelfu. Hivyo ndivyo viletavyo mwasho usiokwisha. Vingine huingia jichoni, na vifapo humo mwili hupambana na mizoga yake. Kioo cha jicho hupata makovu, nuru hupungua, na upofu ukishatimia hakuna dawa ya kuuondoa.

Upande wa Mbale, katika Mlima Elgon, kulikuwa na usubi wa aina nyingine, ambaye viluwiluwi wake hung'ang'ania kaa wa vijito. Huko maambukizi yalikatwa baada ya Uganda, tangu 2007, kugawa vidonge vya ivamektini mara mbili kwa mwaka na kutia dawa vijitoni. Vidonge hivyo huua vijinyoo, lakini havimwui mnyoo mzima. Ndiyo maana humezwa kwa miaka mingi.

Tangu Novemba 2021 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa mashariki ya Kongo, ambako ugonjwa huu ungalipo. Arudiye na mwasho au vivimbe na aende kwa daktari wa kikosi, wala asijinunulie vidonge dukani. Katika baadhi ya misitu ya huko yumo mnyoo mwingine, loa, na mwenye vijinyoo vyake vingi akimeza ivamektini aweza kudhurika ubongo. Daktari aelezwe kwanza askari alikuwa wapi.